Mama mmoja, mistari miwili



Wengi wenu muko katika AVEC, kwa hiyo munajua vile siku ya kugawana inakuwa. Sanduku linafunguliwa kwa funguo tatu, kila ufunguo mkononi mwa mama wake, na pesa inahesabiwa mbele ya wote. Njia hii ilianza Niger mwaka 1991, wakati shirika la CARE lilifanya kazi na wamama wa vijiji vya huko, na sababu moja ya kuenea kwake mpaka kwetu ni hiyo: hakuna kinachofichwa. Sanduku lenyewe halina matata. Matata iko kwenye daftari, na siku hizi daftari limeingia ndani ya ordinateri.

Mimi ni mwalimu. Diplome yangu ya ISP ni ya kufundisha Kifaransa, si ya informatiki. Somo la ordinateri tulilipata kwa chaki: tulichora klaviye ubaoni na kukariri majina ya sehemu zake. Eksel nilijifunza baadaye, juu ya kazi ya kupanga pointi za wanafunzi, maana shuleni kazi ya mashine inapewa yule aliye kijana kupita wengine. Komite ya AVEC yetu hapa Bukavu ilisikia hayo, wakaniletea fishye yao katika kle USB iliyofungwa ndani ya kitambaa. Wakaniambia: mwalimu, utusaidie, hesabu hazikubali.

Tuko memba 25. Fishye ilikuwa na mistari 35.

Masekreteri watatu walipokezana kuiandika kwa juma 30, kila mmoja kwa mkono wake na masikio yake. Munajua majina ya kwetu. Cibalonza, mwingine anaandika Chibalonza, aliyesoma kwa Wafaransa anaandika Tshibalonza. Murhula na Murula. Nsimire na Nshimire. Riziki anakuwa Liziki, kadiri ya ulimi wa anayesoma. Halafu kuna nom, postnom na prénom: mmoja anaanza na jina la ubatizo, mwingine analimaliza nalo, mwingine analiacha kabisa. Macho ya mtu yanaelewa haraka. Ordinateri haielewi. Kwake herufi moja ikibadilika, huyo ni mama mwingine.

Kwanza nilisahihisha kwa mkono, kisanduku kwa kisanduku, na juma lililofuata sekreteri akaniletea fishye nyingine yenye majina yaleyale ya zamani. Kazi ya kuteka maji kwa kikapu. Hapo ndipo mwalimu mwenzangu wa shule nyingine alinionyesha kitu kilichokuwa ndani ya Eksel yangu siku zote: Power Query. Kwa Eksel za 2010 na 2013 kilikuwa cha kuongeza pembeni. Tangu ile ya 2016 kimo ndani, chini ya neno « Données ». Kifaransa kinaita kila kazi yake requête, maana yake ombi, na neno hilo linanipendeza. Huishiki fishye ya asili. Unaomba: uniletee tablo hii, uondoe nafasi, ugeuze herufi ziwe kubwa zote, utenganishe kolone ile. Kila ombi linaandikwa pembeni, kwa mfuatano, chini ya « Étapes appliquées ». Ukijuta, unafuta hatua moja na mambo yanarudi vile yalikuwa. Karatasi ya sekreteri inabaki bila kuguswa, kusudi yeyote akiuliza umonyeshe.

Mimi ninayefundisha watoto hesabu za kugawanya, hatua hizo ndizo zilinishika moyo. Mtoto akileta jibu bila kuonyesha kazi, hatumpi pointi zote. Komite pia isimwamini mtu anayeleta jumla tu.

Niseme mambo machache niliyokutana nayo, maana ninyi pia mutakutana nayo.

Nafasi. Mama anayeandikwa « Furaha » na mwingine « Furaha » mwenye nafasi tupu nyuma ya jina ni wawili kwa mashine, hata ukikodoa macho hutaona tofauti. Power Query ina amri ya kuondoa nafasi hizo, lakini inaondoa za mwanzo na za mwisho tu. Nafasi mbili katikati ya nom na postnom zinabaki. Hizo unazibadilisha wewe. Vilevile inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo FURAHA si Furaha. Na kwa sisi wenye majina yanayoanza na M', kuna mtego mwingine: alama ile ndogo ya juu, simu inaiandika imepinda na ordinateri inaiandika imenyooka. Alama mbili, mama wawili. Nilikaa usiku mzima, umeme ukienda na kurudi, kabla ya kuligundua hilo.

Pesa. Mmoja aliandika 5000, mwingine 5 000 FC, mwingine 5.000. Kile kisanduku kikiwa na herufi FC ndani, si hesabu tena, ni neno, na maneno hayajumlishwi. Na nukta ile ni hatari: ordinateri iliyopangwa Kiingereza inasoma 5.000 kuwa tano. Tano kavu! Tarehe vilevile: 03/04 kwetu ni tarehe tatu ya mwezi wa nne, kwa Wamarekani ni tarehe nne ya mwezi wa tatu. Kwa hiyo kabla ya kugeuza kolone kuwa hesabu au tarehe, uiambie mashine kwamba walioandika ni watu wa Kifaransa.

Halafu juma zenyewe. Fishye yetu ilikuwa na kolone 30 zikienda upande wa kuume, juma la 1, juma la 2, mpaka juma la 30. Kwa macho ni nzuri, inafanana na daftari. Kwa kuhesabu haifai. Power Query inajua kulaza kolone hizo, kusudi kila mstari useme jambo moja tu: mama huyu, juma hili, hisa ngapi. Lakini angalieni: ikilaza, visanduku vitupu vinapotea kimyakimya. Na kwetu kisanduku kitupu kina maana, ni mama ambaye hakufika; sufuri ni mama aliyefika bila kununua hisa. Aliyekosa juma tatu anatembelewa nyumbani, labda ni mgonjwa. Kwa hiyo kabla ya kulaza, tuliweka neno « hakuja » katika vitupu vyote, na baada ya kulaza tukalihamisha kwenye kolone yake, kusudi kolone ya hisa ibaki na hesabu tupu.

Baada ya nafasi na herufi kubwa, majina yalishuka kutoka mistari 35 mpaka 30. Sasa ikabaki ile ya Cibalonza na Tshibalonza. Eksel mpya zina njia ya kulinganisha majina yanayokaribiana na kuyaunganisha zenyewe. Nilikataa kuitumia. Kwa majina ya vijiji au ya bidhaa, sawa. Kwa majina ya watu wenye pesa ndani ya sanduku, mashine isiamue nani ni nani. Nilifanya tablo ndogo ya kolone mbili: jina vile lilivyoandikwa, na namba ya memba. Kujaza namba kulifanywa kwenye mkutano, siku ya Jumamosi, mbele ya wamama wenyewe. Nilisoma kila jina kwa sauti na kuuliza: huyu ni nani? Ni mmoja ao ni wawili?

Tulicheka sana siku ile. Lakini tulipofika kwenye mstari wa 14, kicheko kiliisha.

Mama mmoja, mjane, anayeuza unga wa muhogo, alikuwa ameomba mkopo wa 400 000 FC mwanzoni mwa muhula. Watoto wake wawili wako sekondari, na munajua kwamba bure ya mwaka 2019 ni ya shule ya msingi. Sekondari mzazi analipa. Sheria yetu ni kwamba memba anakopa mpaka mara tatu ya akiba yake. Hisa ni 2 000 FC. Komite iliangalia mstari wenye jina lake, ikaona hisa 36, ni 72 000 FC, mara tatu ni 216 000. Wakamjibu hapana. Watoto walirudishwa nyumbani juu ya minervali, na yeye hakusema neno, maana karatasi iliyotoka kwenye mashine inaaminiwa kupita mdomo wa mjane.

Kumbe kitabu chake cha kwanza kiliharibika na mvua. Alipopewa kipya, sekreteri mwingine aliandika jina lake kwa namna nyingine, na tangu siku ile hisa zake ziliingia katika mstari mpya. Mstari wa zamani, wenye juma 18 na hisa 49, ulionekana kuwa wa memba aliyeacha kuja. Siku ya kugawana ungeleta mabishano, na pengine wengine wangesema pesa ile haina mwenyewe. Nilipouliza jina la mstari wa 14 ni la nani, mama yule alisimama polepole na kusema: « Ni mimi. Ndivyo baba yangu alivyoliandika. » Hisa 49 na 36 ni 85, ni akiba ya 170 000 FC. Mara tatu ni 510 000. Mkopo wake ulikuwa halali tangu siku ya kwanza. Prezidenti alimwomba msamaha mbele ya wote, na Jumamosi iliyofuata alipewa 400 000 yake.

Hapo wote wakapenda mashine kupita kiasi, na hiyo ni hatari ya pili. Tulipomaliza tablo, majina yalikuwa 24. Sisi ni 25. Komite ilikuwa na furaha, hawakuhesabu. Kulikuwa na mistari miwili yenye jina lilelile kabisa, nom na prénom, na katika juma nyingi hisa zilezile tatu. Mweka hazina alisema ni mstari uliorudiwa, tubonyeze « Supprimer les doublons » twende nyumbani. Niliomba tungoje. Jumla ya hisa niliyoichukua kabla ya kugusa kitu ililingana na daftari lake la pesa ikiwa tu mistari yote miwili imehesabiwa. Pesa haiwezi kuingia sandukuni mara mbili kwa kosa la klaviye. Basi tukaita jina, na wakanyanyuka wamama wawili: mmoja fundi wa kushona wa Kadutu, mwingine muuza samaki, aliyefika akiwa amechelewa kutoka soko. Kwa kubonyeza mara moja, akiba ya mmoja wao ingepotea, na hakuna ambaye angejua ilikwenda wapi.

Tangu siku ile kila memba ana namba, na namba iko kwenye jalada la kitabu chake. Jina linaweza kuandikwa vile sekreteri anavyosikia. Jumla ya hisa inachukuliwa kabla ya kusafisha na baada ya kusafisha, na zisipolingana hatuendelei.

Kazi ya kila juma sasa ni fupi. Sekreteri anaongeza kolone yake katika fishye yake, kwa namna yake, na mimi nabonyeza « Actualiser ». Hatua zote zinapita upya, moja kwa moja. Jina lisilokuwamo katika tablo linatokea na mahali patupu pa namba, basi tunauliza. Binti wa mmoja wa memba, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari, amejifunza kuifanya bila mimi, na anaandika haraka kunishinda.

Dolari bado inatusumbua. Wamama wawili wanapenda kulipa kwa dolari, na kiwango cha kubadilisha hakikai mahali pamoja. Tumeweka kolone ya aina ya pesa na kolone ya kiwango cha siku ile, lakini komite haijakubaliana ni kiwango cha nani: cha banki ao cha mama wa kubadilisha pale njiani. Hilo Power Query haliwezi kutuamulia.

Wenye kutaka kuona namna inavyofanywa, niko katika kelasi yangu kila Jumamosi kuanzia saa nane ya mchana, baada ya mkutano. Mulete fishye ya AVEC yenu, vitabu vya memba wote, na ordinateri iwe na betri iliyojaa. Na mweka hazina aje mwenyewe, pamoja na daftari lake.