Nguo Nyeupe na Moto

Sisi walimu, tukiwashonea wasichana nguo za sikukuu ya shule, tunapenda nguo nyeupe, nyepesi, yenye kupepea. Kuna historia moja ya nguo kama hizo ambayo inafaa tuijue.

Tarehe 12 Machi 1832, katika Opera ya Paris, Ufaransa, Marie Taglioni alicheza bale iitwayo La Sylphide. Alivaa sketi nyeupe ya kitambaa chepesi sana, iliyopita magoti, akaonekana kama pepo anayeelea hewani. Kisha wachezaji wengi wakataka kuvaa hivyo.

Lakini jukwaa liliangazwa na taa za gesi, zenye moto wazi. Dawa ya kulowekea nguo ili zisishike moto upesi ilikuwapo, ila ilikakamaza kitambaa na kuharibu weupe wake. Emma Livry, msichana wa miaka 20, akaikataa. Tarehe 15 Novemba 1862, wakati wa mazoezi, sketi yake ilishika moto. Aliteseka miezi minane, akafariki Julai 1863.

Hatumlaumu Emma. Alitaka kupendeza, na watazamaji walitaka apendeze. Hata sisi tunataka watoto wetu wang'ae siku ya komunyo ya kwanza. Basi mtoto akivaa tuli au nailoni, tumweke mbali na mishumaa na mbabula, na mtu mzima mmoja asimwondolee macho. Nguo ikiungua, tutashona ingine. Mtoto hashonwi.