Unene Si Nguvu

Sisi watu wa kando ya Ziwa Victoria humpima mgonjwa kwa macho. Akiwa mnene twasema, "Huyu ana akiba." Akikonda twaanza kunong'ona. Mimi ni mwalimu wa hesabu, lakini nami nilipima vivyo hivyo, na kosa hilo lilikaribia kumponza shangazi yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea, naye alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili. Msimu mmoja wa pamba alipanda kwa mzaha juu ya mizani ya chama cha ushirika. Tukasoma kilo 92, watu wakacheka. Baada ya miezi michache akawa hamalizi sahani yake, akisema tumbo lajaa upesi. Sisi tukampikia uji mwepesi wa mahindi, tukidhani twamhurumia. Hatimaye hospitalini wakamwona na saratani katika tumbo la chakula, wakasema yafaa apasuliwe.

Siku tuliyoagizwa tulifika. Daktari akampima uzito: kilo 80. Akamzungushia utepe mkononi na katika shavu la mguu, kisha akampa chombo cha chuma akamwambia akiminye kwa nguvu zake zote. Mwisho akanena, "Hatutampasua leo. Kwanza tutamlisha kwa majuma mawili."

Nilikasirika, nikamjibu, "Daktari, ugonjwa huu haungoji. Mbona wamchelewesha mtu mwenye mwili kama huu?" Moyoni nilidhani anataka rushwa, nikaazimia kumpeleka kwingine kesho yake.

Yeye akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kilo 12 katika 92 ni ngapi kwa mia?" Nikahesabu, nikasema 13. Akajibu, "Mtu akipungua zaidi ya 10 kwa mia katika miezi sita bila kutaka, huyo ana njaa, awe mnene au mwembamba." Akanionyesha picha ya mashine, mwili ukionekana kana kwamba umekatwa katikati, kama kipande cha nyama buchani. Mafuta yalikuwa mapana pande zote, bali misuli ya kando ya uti wa mgongo ilikuwa myembamba. Akanieleza kwamba saratani yaweza kuufanya mwili ujile wenyewe, nao huila misuli. Mafuta huificha hasara hiyo.

Hapo shangazi akasema, "Mwanangu, tukae. Tangu mwezi uliopita siwezi kuinua ndoo ya maji, ila niliona haya kuwaambia." Basi tukakaa.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1936 daktari Hiram Studley wa Cleveland, Marekani, aliandika habari za wagonjwa waliopasuliwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Katika wale waliokuwa wamepungua zaidi ya 20 kwa mia, walikufa kama 33 kwa mia. Katika wengine, 3 au 4 tu kwa mia. Hao hawakuwa na saratani, lakini sababu ni ile ile. Kidonda cha kisu hushonwa kwa uzi, lakini hufungwa na mwili wenyewe. Mwili hutafuta vifaa vya kazi hiyo, na usipovipata katika chakula, huvitoa katika misuli. Tena misuli ndiyo ituwezeshayo kuvuta pumzi na kukohoa; ikilegea, makohozi hukaa kifuani, na homa ya mapafu huja.

Daktari alituandikia gramu 100 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8 hivi. Ndipo nilipofahamu jinsi uji wetu ulivyokuwa maji matupu. Tukaupika upya kwa maziwa na karanga zilizotwangwa. Tukasaga dagaa wakawa unga, tukautia katika mboga. Alikula kidogo kidogo mara sita kwa siku, na asubuhi na jioni alitembea uani. Lakini tulionywa kwamba mtu aliyekaa siku nyingi karibu bila kula asishibishwe ghafula, maana hilo nalo huweza kumwua. Aanzishwe polepole chini ya macho ya waganga.

Majuma mawili yalipokwisha, mizani ilisema kilo 81. Nilivunjika moyo. Daktari akaniambia kwamba misuli haijengwi kwa siku 14. Yatosha kwamba kupungua kumesimama na mwili umepata vifaa. Akapasuliwa, kidonda kikafunga vizuri, akarudi nyumbani katika juma la pili.

Leo shangazi ni mwembamba, kwa kuwa tumbo lililobaki ni dogo. Majirani humsikitikia, wakisema ameisha. Mimi nautazama mkono wake, nao huinua ndoo.

Wazee walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi, ndugu zangu, pimeni uzito wenu mkiwa wazima, hata kwa mizani ya pamba, mwiandike hesabu hiyo. Mgonjwa wenu akingoja kisu, mwulizeni daktari ale nini, wala msiutumainie unene wake. Nami namwomba radhi daktari yule, ambaye nilimdhania mabaya kwa sababu alihesabu vema kuliko mimi.