Stovu Kuukuu Yapanda Milima ya Usambara

Msomaji mpenzi, ukifika Tanga mjini, usiache kupita Ngamiani. Huko barabara zimenyooka kama mistari ya daftari, nazo huitwa kwa namba. Katika mojawapo ya barabara hizo, mwezi wa Mei, nilimkuta mtu ametandaza gunia chini, na juu yake ameweka vitu vya kila namna: kufuli zisizo na funguo, funguo zisizo na kufuli, pasi ya mkaa, redio iliyokufa, na kisanduku cha bati chenye kutu.

Nilikifungua kile kisanduku. Ndani yake mlikuwamo stovu ndogo ya pampu, imefunguliwa vipande vipande: tangi dogo la duara, kichwa cha moto, na miguu mitatu ya kuchomeka. Nilisugua tangi kwa kidole changu nikaona shaba ya njano chini ya weusi, na maandishi: Primus, Sweden.

“Haiwaki hiyo, bwana, sikufichi,” akasema mwenye gunia. Aliitaka shilingi 20,000. Tukavutana kidogo, nikalipa 12,000.

Labda utauliza: ya nini stovu isiyowaka? Sababu ni hii. Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na anangoja majibu ya shule, nami nilikuwa nimemwahidi safari ya miguu katika milima ya Usambara, toka Lushoto hadi Mtae. Katika msitu wa hifadhi huwezi kukata kuni wala kuwasha moto wa kuni upendavyo, na mvua za masika huenda zimeacha kila kijiti kimelowa. Mwenye kupika njiani lazima achukue jiko lake. Siku hizi wengi hubeba mtungi mdogo wa gesi, nao ni mwepisi kutumia. Lakini mimi nilikulia katika nyumba yenye stovu ya pampu, na ule mvumo wake wa alfajiri sijausahau.

KWA FUNDI WA KARABAI

Nikaambiwa yuko mzee mmoja anayejua kazi hiyo, kwa kuwa maisha yake yote ametengeneza karabai. Wewe uliyeishi pwani unazijua karabai: ndizo taa za pampu zilizokuwa zikiwaka baharini usiku kuwavuta dagaa. Sasa wavuvi wengi wamehamia taa za betri, na mzee hana wateja wengi. Stovu na karabai ni ndugu, maana zote mbili zina tangi, pampu na kitundu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umeniletea maiti au mgonjwa?”

Aliigeuza ile stovu, akaitikisa, akaipuliza, kisha akasema, “Mgonjwa.”

Nilikaa naye mchana kutwa, na ninakueleza niliyoyaona, kwa maana huenda nawe unayo stovu kama hii darini.

Kwanza alivuta mti wa pampu. Mwishoni mwake pana kikombe kidogo cha ngozi, nacho kilikuwa kimekauka kama ganda la muhogo. Hicho ndicho kinachosukuma hewa; kikikauka, hewa hupita pembeni na unapampu bure. Alikata kingine katika kipande cha ngozi laini, akakiloweka katika mafuta mpaka kikalegea. Chini kabisa ya pampu ipo vali ndogo yenye kizibo, kazi yake kuzuia mafuta yasirudi nyuma. Kizibo kilikuwa kigumu kama jiwe. Alikitoa, akaweka kipande cha mpira usioliwa na mafuta.

Kisha alikifungua kichwa cha moto, akakichoma mpaka masizi ya ndani yakageuka jivu, akayagonga yakatoka. Kile kitundu cha katikati, chembamba kuliko tundu la sindano ya kushonea, alikizibua kwa uzi wa chuma uliopachikwa kwenye kibati. “Usikipanue,” alisema. “Kikipanuka, moto unakuwa mwekundu na sufuria inakuwa nyeusi.”

Akabadilisha mpira wa kifuniko. Tangi tulilisugua kwa ndimu na majivu, likang’aa hata tukajiona nyuso. Mwisho alilijaza hewa, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Mahali pamoja povu lilivimba. Akapalehemu, akajaribu tena. Povu likatulia.

Ndipo akanifundisha kuwasha. Mafuta ya taa yasizidi robo tatu za tangi. Unalegeza skrubu ya hewa. Unatia spiriti katika kisahani kilicho chini ya kichwa cha moto, unaiwasha, na unangoja. Spiriti ikikaribia kwisha, unafunga skrubu na kupampu mara chache. Mafuta yanasukumwa na hewa, yanapanda katika bomba lenye moto, yanageuka mvuke, yanatoka kwenye kitundu na kuchanganyika na hewa ya nje, yanawaka buluu na kuvuma. Na moto huo huo ndio unaopasha bomba, ili mafuta yanayofuata nayo yageuke mvuke. Hakuna utambi. Kuzima, unafungua skrubu ya hewa tu.

“Ukiona moto wa njano unaruka juu, hukungoja vya kutosha,” alisema mzee. “Fungua hewa, uzime, uanze upya. Usiongeze mafuta inapowaka. Usitie petroli hata tone, hilo ni bomu. Na moto wa namna hii na watu wasilale chumba kimoja.”

Maneno hayo ya mwisho niliyasikia, nikaitikia kwa kichwa. Yaweke moyoni, msomaji, maana tutayarudia.

Aina hii ya stovu ilianza Stockholm, nchini Sweden, mwaka 1892, kwa ufundi wa Frans Wilhelm Lindqvist. Mwaka 1895 Fridtjof Nansen wa Norway alikuwa nayo alipotembea juu ya barafu kuelekea ncha ya kaskazini ya dunia. Na asubuhi ya tarehe 29 Mei, 1953, Edmund Hillary aliamka karibu na kilele cha Everest akakuta viatu vyake vimeganda kama mawe. Aliviyeyusha juu ya stovu ya namna hii kabla yeye na Tenzing Norgay hawajapanda kileleni. Nilipomsimulia mzee hayo, alicheka. “Kumbe na Wazungu huoka viatu!”

NJIANI

Mwezi wa Juni tulipanda basi kwenda Mombo, njia ya Muheza, Segera na Korogwe. Mombo ni tambarare na joto kali. Kutoka hapo barabara inaanza kujizungusha mlimani, bonde upande huu, mwamba upande huu. Ukifika Soni unaona maporomoko ya maji, na huko umeanza kutafuta sweta. Kilomita 33 hivi toka Mombo unaingia Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Pana miti mirefu, nyumba za zamani, na sokoni matunda ya nchi za baridi: plamu na peasi.

Tulilipa ada ya hifadhi, tukapewa kijana wa kutuongoza, tukapita msitu wa Magamba. Mbega walitutazama toka juu, manyoya yao meupe yakining’inia kama mashuka yaliyoanikwa. Mchana tulipumzika mahali palipo wazi, nikaitoa stovu. Mpwa wangu alisimama mbali kidogo, kama mtu anayengoja fataki. Lakini ilivuma kama nyuki, na maji ya chai yakachemka kabla hatujamaliza kumenya mayai. Tulipoondoka hapakubaki jivu wala jani lililoungua.

Utagundua pia kwamba mlimani maharage hayaivi upesi kama pwani. Si kosa la jiko. Kadiri unavyopanda, uzito wa hewa hupungua, na maji huchemka kabla hayajafikia joto lile la pwani. Kwa kila mita 300 hupungua kama digrii moja. Basi loweka maharage tangu usiku, au chukua dengu na viazi.

Jioni tulifika upande wa Lukozi, nchi ya kabichi na viazi. Mkulima mmoja alituruhusu kupiga hema kando ya shamba lake. Kijana wetu akaenda kulala kwa jamaa zake.

USIKU ULE

Mvua ilianza tukiwa bado hatujala. Si mvua kubwa, ni manyunyu ya baridi yanayoingia mpaka mifupani, pamoja na upepo. Mara mbili upepo uliizima stovu. Mpwa wangu alikuwa anatetemeka.

“Mjomba, tuiingize ndani tu.”

Nami, niliyeonywa na mzee wa Ngamiani, niliiingiza. Tulipika uji, tukanywa. Kwa kuwa hema lilikuwa limepata joto zuri, sikuizima. Nikafunga mlango wa hema mpaka chini, nikasema moyoni: dakika kumi tu.

Tulikuwa tunaongea habari za shule. Kichwa kikaanza kuniuma, nikadhani ni uchovu wa mlima. Moto ulikuwa umeanza kuwa na rangi ya njano, nikauona, nisifanye neno. Kisha nikatambua kuwa kijana amenyamaza katikati ya maneno yake. Nikamwita. Akajibu polepole, kama mtu aliye mbali, “Naam... mjomba.” Nikamwita tena. Hakujibu.

Sijui nguvu nilizipata wapi, maana miguu yangu mwenyewe ilikuwa kama pamba. Nilifungua mlango, nikalegeza skrubu ya hewa, nikamshika kijana makwapani nikamburuta nje mvuani. Nikapiga kelele. Mwenyeji wetu alikuja mbio na tochi, na mkewe nyuma yake na blanketi. Kijana alipumua, akatapika, akafumbua macho, akauliza kwa nini analowa.

Sikulala usiku ule. Alfajiri tulimpeleka zahanati. Wakampima, wakasema amepona, lakini tukichelewa kidogo yangekuwa mengine. Apumzike siku nzima. Yule mama alitupikia viazi, hakutuuliza lolote.

Sasa nikueleze kilichotupata. Moto wowote unaokosa hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, nawe unasinzia bila kujua kuwa unakufa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Wala usiseme, “Sisi hatuna stovu, wala hatulali hemani.” Jiko la mkaa linatoa gesi hiyo hiyo, tena kwa wingi. Ni nyumba ngapi za milimani zinazoingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi, mama na mtoto mchanga wakafungiwa humo wapate joto? Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi. Pasha chumba ukitaka, mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha utoe jiko nje kabla mtu hajalala. Na ukimkuta mtu amezidiwa, jambo la kwanza ni kumtoa penye hewa safi, ndipo utafute msaada.

Siku iliyofuata tuliendelea pole pole. Rangwi tulilala kwenye nyumba ya wageni ya masista, kitandani, bila kuwasha chochote. Siku ya mwisho tulifika Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa mlima. Hapo ardhi inakatika kama meza, na chini sana unaona mbuga ya Mkomazi, na milima ya Pare upande wa machweo. Tulipanga mawe matatu kuzuia upepo, tukawasha stovu peupe, tukachemsha kahawa. Mpwa wangu ndiye aliyeiwasha. Alingoja spiriti iishe vizuri, wala hakuwa na haraka. Lita moja ya mafuta tuliyobeba ilikuwa bado haijakwisha.

NYUMBANI

Tuliporudi, nilikwenda kwa dada yangu mimi mwenyewe nikamweleza yote, sikumwachia kijana. Mtoto wa dada ni amana, na mwenye kurudisha amana sharti aseme kama aliigonga mahali. Dada alinyamaza muda mrefu. Nilitamani anigombeze.

Mwishowe aliuliza, “Na hiyo stovu iko wapi?”

Nikaitoa katika kisanduku chake. Aliitazama, akapitisha kidole juu ya shaba, kama anavyojaribu kitambaa sokoni.

“Mama alikuwa nayo kama hii,” akasema. “Hakuipikia ndani hata siku moja.”

Ni kweli. Mvumo ule wa alfajiri niliokuwa nikiukumbuka ulitoka uani. Nilikumbuka sauti, nikasahau mahali.

Basi stovu imebaki kwa dada, uani, chini ya mwembe. Ukipita saa kumi na mbili asubuhi utaisikia inavuma. Msomaji mpenzi, kitu kuukuu kikipata fundi mwenye subira hurudi kazini, na wala usione haya kukinunua. Lakini ukikinunua, nunua pamoja na maonyo yake.