Helmeti ya Boda Si Helmeti ya Drifti

Wacha niseme mapema ili wa kukasirika akasirike mapema. Sisi mashabiki wa drifti hapa Kenya tunajua kila kitu kuhusu gari isipokuwa kile kinachomlinda mtu aliye ndani. Muulize kijana yeyote pale uwanjani, atakwambia rimu ni inchi ngapi, injini ilitolewa kwa gari gani na hendibreki imefungwa na fundi yupi. Sasa muulize helmeti yake imeidhinishwa na nani. Ataigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta tarehe kwenye mkate.

Mimi si dereva. Mimi ni msee wa kamera, na kiti changu ni cha abiria. Labda ndiyo maana mambo haya yananikera kuliko yanavyowakera wenye magari. Dereva ana usukani, breki na uamuzi wake mwenyewe. Mimi nina simu mkononi na imani.

Tuondoe kwanza lile jibu la kawaida, eti "hii si rali, hatuendi kasi." Ni kweli, uwanja wa lami uliozungushiwa tairi kuukuu si Naivasha. Lakini gari la drifti linasonga kiubavu. Likikosa njia halifiki ukutani na pua, linafika na mlango. Mbele kuna injini na chuma kingi cha kujikunja kabla balaa haijakufikia. Mlangoni kuna kioo, plastiki na wewe. Na gurudumu likigonga ukingo wa lami kwa ubavu, gari linaweza kupinduka hata kwa mwendo ambao Thika Road ungepigiwa honi kwa kuchelewesha watu.

Ndiyo maana naanza na helmeti. Ile ya boda, hata ikiwa nzuri, ilibuniwa kwa mtu anayerushwa kutoka kwa pikipiki na kuangukia barabara. Ndani ya gari la mashindano kichwa kinaweza kugonga bomba la chuma, kikarudi, kikagonga tena palepale. Na kuna petroli. Huko Marekani kuna Wakfu wa Snell, ulioanzishwa 1957 baada ya dereva Pete Snell kufa mashindanoni mwaka uliotangulia akiwa amevaa helmeti ambayo haikumsaidia. Wakfu huo unatenganisha mambo haya kwa herufi. M ni ya pikipiki. SA ni ya magari ya mashindano, na inaongeza majaribio mawili ambayo M haina: helmeti inagongwa mara kadhaa kwenye chuma cha mviringo mfano wa mabomba ya ndani ya gari, na vitambaa vyake vinapimwa kwa moto. Baada ya herufi kuna mwaka, kwa mfano SA2015 au SA2020. Huo ni mwaka wa kiwango, si wa siku uliyonunua. Waandaaji wengi hukubali kiwango kipya na kile kilichokitangulia, basi. Kwa hivyo ile SA2010 ya bei poa unayotumiwa picha zake saa sita usiku inaweza kukataliwa kwenye ukaguzi, na pesa zimeenda.

FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, nalo lina namba zake. Kwa helmeti, 8859-2015 ni moja wapo. Stika ya Snell au ya FIA huwa ndani ya helmeti, kwa hivyo vua bitana uitafute. Ile DOT ya nyuma ambayo wauzaji wanapenda kukuonyesha ni ya barabara za Marekani, na mtengenezaji ndiye anayejithibitishia mwenyewe.

Mwaka jana nilialikwa kupanda na dereva mmoja ambaye jina lake nitaliacha. Yeye alikuwa na helmeti safi kabisa, SA2020, nimeiona kwa macho yangu. Yangu ilitoka kwenye buti: helmeti ya boda isiyo na kioo, kamba imefungwa fundo kwa sababu kifungo kilishavunjika. Nikauliza kama kuna nyingine. Akacheka. "Si unapanda raundi moja tu, bro?" Nikashuka. Video niliyokuwa nimewaahidi ilifia hapo, na jamaa mpaka leo ananisalimia kwa kidevu. Sawa tu. Lakini sijawahi kuelewa hesabu hiyo ya raundi moja, kwa sababu raundi tunazunguka pamoja, gari ni lile lile na ukuta ni ule ule.

Sasa mishipi, na hapa ndipo nitakosana na wengi. Kufunga mshipi wa pointi nne kwa kiti cha kawaida cha Mark X, kwenye gari lisilo na keji, hakukufanyi salama zaidi. Mshipi wa kiwandani, kiti chake na mfuko wa hewa vilibuniwa vifanye kazi pamoja. Ule wa pointi nne hauna kamba ya kupita katikati ya miguu, kwa hivyo ukigonga mbele kwa nguvu unaweza kuteleza chini, sehemu ya kiunoni ikapanda tumboni, na ndani ya tumbo hakuna mfupa wa kuizuia. Kamba za mabega nazo zikifungwa sakafuni nyuma ya kiti, zinavuta mabega chini na kuukandamiza uti wa mgongo. Zinatakiwa ziende nyuma karibu usawa wa bega, zishuke kidogo tu, na kitu cha kuzishikilia pale huwa ni bomba la keji. Halafu gari likipinduka, paa likashuka, wewe umefungwa wima kama nguzo na huwezi hata kuinama.

Kwa hivyo ni mfumo mzima au usianze: keji, kiti cha baketi chenye idhini, mshipi wa pointi sita. Kama bado hujafika huko, baki na mshipi wa kiwandani. Haupendezi kwa picha, najua. Mimi ndiye ninayepiga picha zenyewe.

Mishipi ya FIA (tafuta 8853/98 au 8853-2016) ina lebo inayotaja mwaka wa mwisho wa kutumika. Kitambaa kinachoka, jua linakila, na jua letu halina huruma. Viti vya 8855-1999 vina miaka 5 tangu kutengenezwa. Ile mishipi ya kijani yenye jina la Takata, na viti vyenye jina la Bride, vina nakala bandia nyingi sana duniani. Kitu kisicho na lebo ukihesabu kama pambo, hata kama kimekuja kwenye kontena kutoka Japani. Na kilichowahi kuwa kwenye ajali usikinunue, hata muuzaji akiwa ni binamu yako.

Kuna pia HANS, ile nira ya mabegani inayoshika helmeti ili kichwa kisichomoke mbele wakati mwili umezuiwa. Watu wanaiona kama mbwembwe za Formula One. Februari 2001 Dale Earnhardt, mmoja wa madereva wakubwa kabisa wa NASCAR, alikufa Daytona kwa kuvunjika kitako cha fuvu. Hakuwa ameivaa. Kabla mwaka haujaisha NASCAR ikafanya vifaa vya kushika kichwa na shingo kuwa lazima. Lakini HANS ya kawaida inahitaji mishipi miwili ya mabega na helmeti yenye tundu za kufungia, kwa hivyo tunarudi palepale kwa mfumo mzima.

Ovaroli na glavu nitazipitia haraka. Kiwango cha Marekani cha SFI 3.2A/1 kinakupa kama sekunde 3 motoni kabla ya kuungua vibaya, 3.2A/5 kinakupa kama 10. Huna? Vaa pamba ya mikono mirefu, sio ile jezi ya nailoni inayoyeyuka na kukushika ngozini. Mtungi wa kuzima moto ufungwe kwa kishikio cha chuma, mahali unapoufikia ukiwa umejifunga. Ukiviringika sakafuni ukaingia chini ya breki, umekuwa hatari nyingine.

Mtu akiniuliza aanze na nini kama pesa ni kidogo, namwambia helmeti mbili za SA kabla ya rimu. Mbili, kwa sababu gari lina viti viwili mbele na sisi wote tunajua hakuna anayedrifti bila mtu wa kumrekodi. Na kwa waandaaji: mkaguzi wenu akimaliza kumwangalia dereva, azunguke upande wa pili afungue mlango. Mimi ndiye nitakuwa nimeketi hapo.