Kope za Tingatinga

Buldogi si mbwa wa kuonekana Malaba kila uchao. Mbwa tunaowajua sisi watu wa mpakani ni wale wembamba wenye mikia ya upinde, ambao hulala chini ya matrela wakingoja mifupa kutoka kwa mataniboi. Basi mjomba wangu alipoachiwa buldogi na mteja wake mmoja aliyekuwa akihama Kampala, mtaa mzima ulikuja kutazama. Uso umekunjamana kama wa mzee anayedaiwa, pua imebonyea ndani, miguu mifupi, na akipumua utadhani ni lori linapanda mlima. Mjomba akamwita Tingatinga, na jina likamkaa.

Mjomba wangu ni wakala wa forodha. Kazi yake ni kupitisha makaratasi ya mizigo pale Malaba, na ndiye anayenilipia karo tangu nilipoingia kidato cha kwanza. Msomaji naomba uliweke hilo akilini, maana mbele ya safari litahitajika.

Tingatinga hakumaliza hata mwezi mmoja kwetu kabla ya shida ya macho kuanza. Machozi yalimtiririka mchana kutwa yakiacha michirizi ya kahawia kwenye mikunjo ya mashavu. Asubuhi aliamka matongo yamegandamana, akawa anafumba macho yote mawili na kuyasugua kwenye miguu ya viti. Lo! Hapo ndipo nilipojua kwamba Malaba ina madaktari wengi kuliko malori. Huyu alisema ni vumbi tu. Yule akasema aoshwe kwa chai ya rangi. Kijana mmoja wa bodaboda akaapa kwamba mbwa anayelia ana kichaa, eti auawe kabla hajauma mtu. (Neno lenyewe bodaboda lilizaliwa huku kwetu, lilipokuwa jina la wenye baiskeli waliovusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Kwa hilo tunajivunia. Kwa utabibu wao, hapana.)

Mjomba akaenda duka moja la dawa za mifugo akauziwa chupa ndogo ya matone. Siku tatu za kwanza wekundu ulipungua, tukashangilia. Siku ya saba jicho la kushoto likaingia doa la kijivu, mfano wa tone la maziwa lililomwagika juu ya kioo.

Aliyekuwa wa kwanza kusema neno la maana ni mama mmoja Msoga anayeuza ndizi karibu na stesheni. Aliinama, akamshika Tingatinga kidevu, akatazama kwa muda. "Huyu kope imejikunja ndani," akasema. "Manyoya yanamkwaruza. Nyanya yangu alikuwa hivi hivi, tulikuwa tukimng'oa nywele za kope kwa kikoleo."

Nilidhani anatania. Kumbe ugonjwa wa nyanya yake ni ule uitwao trakoma, au vikope, ambao huletwa na bakteria na kuenezwa kwa mikono, nguo na nzi wanaotua machoni pa watoto. Mtu akiambukizwa mara nyingi, kope hupata makovu kwa ndani, hujivuta, na nywele zake huanza kukwaruza jicho kila anapopepesa, mpaka awe kipofu. Busoga na Karamoja kule Uganda wameujua sana, na kwetu Kenya umewatesa watu wa Turkana, Pokot Magharibi, Narok na Kajiado. Dawa ya bakteria ipo, lakini kope ikishageuka, tiba ya kudumu ni upasuaji mdogo wa kuirudisha mahali pake. Buldogi yeye haambukizwi na mtu. Amezaliwa na ngozi nyingi kuliko uso wake. Lakini swali ni lile lile: je, kuna kitu kinachogusa jicho?

Jumamosi tukamkodia gari kwenda Busia kwa daktari wa mifugo. Tuliondoka alfajiri kwa sababu buldogi hawezi joto. Mbwa hutoa joto mwilini kwa kuhema, na huyu pua yake fupi haimruhusu kuhema sawasawa. Hata hivyo tulipofika Alupe tayari nilikuwa nimemfunika taulo mbichi.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Mjomba hakungoja hata kuketi. "Daktari, ni upasuaji? Ni pesa ngapi?"

"Baba, nipe nusu saa kwanza," akajibu. "Bei haijui jicho linaumwa na nini."

Nusu saa hiyo imenifundisha mengi kuliko niliyotarajia. Kwanza alimtazama Tingatinga kwa mbali bila kumgusa, kwa sababu ukimshika mbwa kichwa unaivuta ngozi na kope inabadilika. Kisha akachomeka kipande cha karatasi kwenye kope ya chini kupima machozi. Mbwa mzima hulowesha milimita 15 au zaidi kwa dakika moja, na Tingatinga alipita hapo kwa macho yote mawili. Halafu akatia rangi ya machungwa. Kwenye jicho lisilo na jeraha rangi hiyo huoshwa ikaisha, lakini penye kidonda hunasa na kung'aa kijani. Jicho la kulia halikunasa kitu. La kushoto likang'aa kijani pale pale penye doa.

"Mlimtia dawa gani?"

Mjomba akatoa ile chupa. Daktari akasoma karatasi yake, akatikisa kichwa. Ndani mlikuwa na steroidi. Dawa hiyo hupunguza wekundu haraka, ndiyo maana tulishangilia, lakini penye kidonda huzuia jicho lisijitibu, na kidonda huzidi kuchimba. Kikitoboa, jicho limekwenda. "Dawa ya steroidi haitiwi jichoni kabla ya kupima kwa rangi," akasema, kisha akaiweka ile chupa kando, si mkononi mwa mjomba.

Sasa likaja jambo lililonishangaza zaidi. Alitia matone ya ganzi kwenye macho yote mawili, tukangoja. Baada ya dakika chache, kope ya jicho la kulia ilijikunjua yenyewe ikakaa vizuri kama ya mbwa yeyote. Ya kushoto ikabaki imejikunja vile vile.

"Mmeona?" akauliza. "Jicho likiuma, mbwa hulifumba kwa nguvu mpaka kope inaingia ndani. Hiyo ya kulia imekunjwa na maumivu. Ganzi imeondoa maumivu, imerudi. Ya kushoto ndiyo umbo lake."

Akafunua kope ya tatu ya jicho la kulia. Naam, mbwa ana kope ya tatu, hutokea pembeni karibu na pua. Nyuma yake akachomoa kwa kibano kipande cha nyasi kavu kisichofika urefu wa kucha yangu. Hicho tu! Laiti angekuwa mtu wa kupenda kisu, angemkata Tingatinga kope nzima isiyo na kosa. Na ngozi ikishaondolewa pasipohitajika, jicho lililokuwa zima linaweza kubaki wazi, kope ikiangalia nje.

Kwenye hiyo kope ya tatu mna tezi inayotoa sehemu kubwa ya machozi. Kwa buldogi wengi tezi hiyo huchomoza nje kama tunda jekundu, na watu wakiiona hutaka ikatwe. Daktari alituonya mapema kwamba ikitokea tusimruhusu mtu yeyote kuikata. Hurudishwa na kushonewa mahali pake, kwa maana mbwa aliyekatwa tezi hiyo anaweza kubaki na jicho kavu na kutiwa dawa maisha yake yote.

Basi, upasuaji au la? Jicho la kulia, la hasha. Jicho la kushoto, ndiyo, lakini si siku hiyo. Tingatinga alikuwa na miezi 7. Uso wake ulikuwa bado unakua, na kope ikikatwa kwa kipimo cha mtoto huenda isimkae akiwa mkubwa. Kwa hiyo alishonwa nyuzi za muda za kuivuta kope nje, akapewa marhamu ya viuavijasumu na dawa ya maumivu, na tukaambiwa tumrudishe akishapita mwaka. Kidonda kilipona kabla ya shule kufunguliwa. Lile doa limebaki, jembamba kama moshi.

Likizo ya Aprili iliyofuata tulirudi. Kope ya kushoto ilikuwa imejikunja tena, na safari hii ganzi haikuibadilisha, wala uso haukuwa na kukua tena. Daktari akasema wakati umefika. Angekata ukanda mwembamba wa ngozi, umbo la mwezi mchanga, chini kidogo ya ukingo wa kope, kisha ashone. Hesabu yake ni ya milimita, na alisema yeye hupenda kukata pungufu na kurudia, kwa kuwa ngozi iliyozidi hukatwa tena lakini iliyopungua hairudishwi. Hatari yenyewe haikuwa kisu. Ilikuwa nusukaputi. Buldogi ana koo jembamba na nyama laini ndefu nyuma ya mdomo, kwa hiyo mpira wa kupumulia hauondolewi mpaka awe ameamka kabisa.

Hapo ndipo karo ilipoingia. Bei ya upasuaji ilikaribia karo yangu ya muhula wa pili, na miezi miwili mpakani biashara ilikuwa imelegea. Nyanya alisema wazi mbele ya wote: "Mtoto wa binadamu afukuzwe shule, ili mbwa apasuliwe jicho?" Hakuna aliyemjibu. Mimi nasema nyanya hakukosea kuuliza.

Tena pesa zilikuwepo, ila upande mwingine. Dereva mmoja wa Eldoret alikuwa na buldogi jike, akataka Tingatinga ampande. Alitaja kiasi ambacho kingemaliza upasuaji na kubakisha chenji. Mjomba akampigia daktari simu akamuuliza kama macho haya hurithiwa. Akajibiwa kwamba hurithiwa, pamoja na pua na koo. Mababu wa mbwa hawa walifugwa Uingereza kupigana na mafahali, mchezo uliopigwa marufuku mwaka 1835, na walikuwa na pua ndefu kuliko hizi. Uso huu wa leo umetokana na watu kuchagua kizazi baada ya kizazi ule uliokunjamana zaidi, kwa sababu unawapendeza.

Dereva alipokuja, mjomba hakumhutubia. Alimshika Tingatinga kichwa akaachia, akamwonyesha ile kope inavyoingia ndani na manyoya yanavyolala juu ya jicho. Yule bwana akatazama. Akamtazama na jike lake lililokuwa limefungwa kwenye kibanda cha dereva, nalo lilikuwa linatoa machozi. Akauliza namba ya daktari, akaondoka.

Jioni mjomba akaniita. "Mpwa wangu, sema wewe. Nikikupa nusu ya karo na barua, utarudi shule?"

Nilimwambia nitarudi. Sikusema kwa kumhurumia mbwa peke yake. Barua ya ahadi shule zinaijua, lakini jicho linalokwaruzwa usiku na mchana halisomi barua.

Alipasuliwa Jumanne asubuhi, na akahasiwa papo hapo ili asilazwe kwa nusukaputi mara mbili. Kola ya plastiki ya kumzuia asijikune haikutosha shingo lake nene, basi mjomba akatoboa kitako cha ndoo ya kimbo akamvalisha. Alitembea siku nzima akigonga milango, na nyanya, yule yule, ndiye aliyekuwa akimmegea ugali na kumlisha kwa mkono ndani ya ndoo.

Nyuzi zilitolewa baada ya siku 14. Mimi nilikuwa nimesharudi bwenini na nusu ya karo. Mwalimu wa zamu aliniita nipokee simu ya mjomba, nikaenda mbio moyo ukinidunda. "Ametolewa ndoo," akasema. "Jicho liko wazi, amelala anakoroma. Na mwambie bwana karani Ijumaa natuma iliyobaki."