Sauron wa filme na Sauron wa kitabu: nani ana nguvu?



Tangu zile filme za Bwana wa Pete zilipoonyeshwa katika sale kubwa, siku tatu za posho kwa kufuatana, ubishi haujaisha mu internati. Ni filme tatu, za mwaka 2001, 2002 na 2003, na kila moja inachukua saa tatu hivi ao kupita. Moteri ilikunywa esansi nyingi, Bwana Ekonome anajua.

Ubishi wenyewe ni huu: yule mwovu mkubwa, Sauron, ni kitu gani? Wadogo wa kalasi ya kwanza na ya pili walicheka. Mmoja alipiga kelele katikati ya giza: « Huyu ni shetani gani? Iko taa tu juu ya munara! » Wengine, wale ambao ndugu zao wa mjini wana ordinatere, wakajibu kwamba katika serie mpya ya televizyo Sauron ana mwili, ana sura, anasema, anaua. Basi wakakata neno: Sauron wa filme ni mzaifu kuliko Sauron wengine wote. Wenzangu wa komite ya gazeti waliniomba niandike, sababu mimi ndimi niliyesoma kitabu. Nilikisoma kwa Kifaransa, ile tafsiri ya Francis Ledoux iliyotoka miaka ya 1972 na 1973. Ilinichukua mwaka mzima, na kamusi pembeni ya kitanda.

Mwandishi ni J.R.R. Tolkien, profesa wa universite ya Oxford kule Uingereza. Wengi hawajui kwamba alizaliwa hapa Afrika, pale Bloemfontein, Afrika ya Kusini, siku ya 3 Januari 1892. Alikuwa na miaka 3 alipoondoka. Juu ya ile simwiti ndugu yetu, lakini nilipoisoma nilifurahi. Kitabu chake kilitoka kwa vipande vitatu, mwaka 1954 na 1955, na yeye alikufa mwaka 1973. Alikuwa Mkatoliki, nawaza hakuna mtu hapa shuleni atakayekataa kitabu kizuri kwa sababu ile.

Nianze na pale ambapo wadogo wana haki. Filme ya kwanza inaanza na vita. Sauron anatoka mwenyewe, amevaa chuma mwili mzima, rungu mkononi. Kila anapopiga, watu wanaruka kama makapi ya mpunga. Anamwua mfalme Elendil. Isildur, mwana wa mfalme, ameanguka chini. Anataka kushika upanga wa baba yake, Sauron anaukanyaga, unavunjika. Kisha Sauron ananyoosha mkono, Isildur anapiga na kipande kilichobaki, vidole vinakatika pamoja na pete, na Sauron anapasuka. Imekwisha! Yule ambaye jeshi zima halikumweza ameangushwa na kijana aliyelala chini, karibu kama kwa bahati.

Katika kitabu si vile. Watu na Elfu (hawa ni taifa la watu wasiokufa kwa uzee) wanazingira munara wake kwa miaka 7. Mwisho anatoka, anapigana na wafalme wawili, Gil-galad wa Elfu na Elendil wa watu. Wale wawili wanamwangusha, na wao wote wawili wanakufa pale pale. Ni nyuma ya ile ndipo Isildur anakata kidole chenye pete. Mnaona tofauti: katika kitabu kumwangusha Sauron kunagarimu wafalme wawili na miaka saba, katika filme kunagarimu pigo moja. Hapa filme imemzaifisha, sikatai.

Lakini ile ya taa ni neno lingine. Wanaosema « hana mwili, basi hana nguvu » pashwa wajue kwamba katika kitabu hiki kikubwa hakuna hata ukurasa mmoja ambamo Sauron anaingia kwa miguu yake mbele yetu. Tunasikia habari zake tu. Gollum, aliyeteswa kwake, anasema kwamba mkono ule mweusi umebaki na vidole vinne. Kwa hiyo mwili anao. Pippin, kijana mdogo mwenye kupenda kugusa vitu vya wengine, anatazama katika jiwe la kuona mbali na kukutana naye uso kwa uso, lakini tunapata tu yale anayoeleza nyuma, akitetemeka. Ni yote. Na mimi niliogopa zaidi kwa kitabu kuliko kwa filme. Bwana Prefe anisamehe mfano: siku anayobaki mu biro na mlango umefungwa, mu kuluwari hakuna anayekohoa. Siku anayozunguka mwenyewe, tunamsalimia na kupita.

Filme ilitaka kutuonyesha kitu cha kutisha, ikachukua lile jicho la moto, ikaliweka juu ya munara kabisa, na kumtia Saruman kinywani maneno kwamba bwana wake hajaweza bado kupata mwili. Mara ya kwanza jicho linatisha. Mara ya kumi tumelizoea. Na mwishoni, Frodo anapovaa pete ndani ya mlima, jicho linageuka mbio kama toshi ya sentineli aliyesikia kitu mu ndizi. Pale mimi pia nilicheka. Katika kitabu, munara unapoanguka, kivuli kikubwa kinasimama juu ya nchi, kinanyoosha mkono wa kutisha bila kuweza kugusa mtu, na upepo unakipeperusha.

Sasa nifike kwa jambo ambalo kwangu ndilo lenyewe, na ambalo katika ubishi wote sijasikia mtu analitaja. Nguvu ya Sauron haikuwa rungu, haikuwa jicho. Ilikuwa kinywa.

Katika kitabu kingine, Le Silmarillion, ambacho mwana wa Tolkien alitoa mwaka 1977 baba akiisha kufa, tunapata maisha yake ya zamani. Aliwafikia Elfu wenye ufundi wa kufua vyuma akiwa na sura nzuri na jina la Annatar, maana yake Bwana wa Zawadi. Hakuleta vita. Alileta elimu. Aliwafundisha kazi ambayo walikuwa na hamu nayo tangu zamani, wakafua pete pamoja naye, na kwa siri yeye akafua moja ya kuzitawala zote. Nyuma, mfalme mmoja wa watu, Ar-Pharazôn wa kisiwa cha Númenor, akaja na merikebu nyingi na jeshi kubwa hata watumishi wa Sauron wakakimbia. Sauron alifanya nini? Alitelemka, akainama mbele ya mfalme, akakubali kuchukuliwa kama mfungwa. Kabla ya miaka 3 kupita, mfungwa alikuwa mshauri wa kwanza wa mfalme. Kisha akajengesha hekalu na watu wakachinjwa ndani yake. Mwisho alimsukuma mfalme kwenda kunyang'anya uzima wa milele kwa silaha, na kisiwa kizima kikazama baharini. Watu wale walikuwa hodari kupita wote duniani. Hakuwapiga hata kofi moja.

Niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Mtoto wa baba mkubwa wangu, tulisoma naye kalasi moja mpaka ya nne. Mwaka ule mutu mmoja alifika ku kijiji chetu na pikipiki mpya. Alikuwa mpole, alisalimia wazee vizuri, alilipia minerval watoto wawili wa jirani, akampa ndugu yangu telefone. Hakuomba kitu. Katika mwezi wa pili ndipo alisema kuna kazi ku mashimo ya zahabu, miezi mitatu tu, kisha mtoto anarudia masomo na feza yake mfukoni. Hakuna aliyemfunga kamba. Alipanda pikipiki akicheka, na mama yake alimfungia chakula cha njia. Sasa ni miaka miwili, na habari tunazopata ni za kusikia tu. Usiku nilipofika kwa hadisi ya Annatar nilifunika kitabu, sikuendelea mpaka siku ya tatu. Wanaocheka taa ya munara wananifurahisha, ni watoto. Lakini wanamngoja mwovu mwenye kofia ya chuma.

Ndiyo maana naisumbukia filme si kwa mwili, ni kwa ulimi. Tazameni Denethor, yule mzee anayesimamia mji wa Gondor. Katika kitabu naye ana jiwe la kuona mbali. Ni mtu wa akili nyingi na moyo mgumu. Uongo mtupu hawezi kuukubali. Basi Sauron anamwonyesha mambo ya kweli, lakini yale tu aliyochagua: wingi wa majeshi, na merikebu zenye matanga meusi zinazopanda mto. Ni kweli, merikebu zinakuja! Ila hamwonyeshi kwamba ndani yake yuko Aragorn, anayeleta msaada. Mzee anakata tumaini, anajichoma moto, na alitaka kumchoma pamoja naye mwana wake aliye mgonjwa. Vita iko mlangoni, na mkuu wa mji ameondolewa pasipo mshale. Mimi naona hakuna ushindi wa Sauron mzuri kuliko ule katika kitabu kizima. Filme imeuacha. Jiwe la Denethor halionekani. Tunaona tu mzee mwenye wazimu wa huzuni, akila nyanya ndogo na maji yake yakimtoka kinywani. Sale nzima ilisema « Eeee! », lakini hakuna aliyejua nani alimharibu mzee yule.

Pamoja na hayo, tusimfanye Sauron wa kitabu kuwa chuma kisichopindika. Katika Le Silmarillion alijigeuza mbwa wa mwitu ili apigane na mbwa mmoja mkubwa aitwaye Huan, na mbwa akamshinda, akamshika shingo. Ilimpasa atoe munara wake kwa binti mmoja, Lúthien, ndipo aachiliwe, akakimbia na sura ya popo. Mwenzangu mmoja alipoyasikia haya alisema: « Basi hata ku kitabu alipigwa na imbwa! » Ni kweli, na sina jibu. Katika mapigano ya mwili Sauron anashindwa mara nyingi. Yeye alishinda pale aliposema.

Na serie mpya, ile iliyoanza mwaka 2022? Kipande cha pili kilitoka mwaka 2024. Niliiona kwa mjomba wangu wakati wa likizo, si yote. Ndani yake Charlie Vickers anamcheza Sauron, kwanza kama mtu maskini wa barabarani, kisha kama Annatar mwenyewe. Mwanzoni mwa kipande cha pili watumishi wake wanamwasi na kumchoma visu kama kuku. Pale ni mzaifu kupita katika filme zote. Lakini anapokaa mu fuaji ya Celebrimbor, akimsifu, akimfariji, akimfanya aone mji uko salama wakati unapigwa, pale nilimtambua yule wa kitabu. Mzee yule fundi anadanganywa na kila neno ni tamu. Serie ina mambo mengi yasiyonipendeza, nayaacha, lakini ulimi imeurudisha.

Neno moja la kumtetea Peter Jackson, yule wa Nyuzilandi aliyetengeneza filme. Alikuwa amekwisha kupiga picha za Sauron akitoka kwenye Mlango Mweusi kupigana na Aragorn mkono kwa mkono. Kisha akabadili shauri: wakaweka jitu la troli mahali pa Sauron, na picha ndiyo tunayoiona leo. Wadogo wetu wangefurahi sana na vita ile. Mimi nasema alifanya vema. Sauron akitoka nje kupigana na mtu mmoja kama mchezaji wa katche, tungeona tu kimo chake, na angeanguka mara ya pili kwa upanga kama mwanzo wa filme ya kwanza.

Kwa hiyo jibu langu kwa ubishi: ndiyo, ni mzaifu zaidi, lakini si kwa sababu mliyotoa. Mkimpa miguu na rungu hamtamwongezea kitu. Wanaotaka kunijibu watie karatasi yao katika sanduku la komite mbele ya siku ya ine, maandiko ya kusomeka, sababu stensili zilizobaki ni chache. Kitabu kiko bibliyoteka, vipande vya kwanza na cha tatu. Cha pili kiko kwa mtu wa kalasi ya tano, anajijua.

Ni mimi ndugu yenu, wa kalasi ya sita.