Nakala ya Nakala ya Nakala

Mashabiki wa kipindi cha televisheni cha Doctor Who wa rika langu tulizoea kutazama kwa masikio. Nilikuwa mwanafunzi Uingereza miaka ya 1980, na kanda za video zilinifikia kwa posta, zimefungwa kwa gazeti, zina lebo zilizoandikwa kwa mkono. Zilikuwa zimenakiliwa kutoka kanda nyingine, nazo hizo zilinakiliwa kutoka nyingine, hata ukizitia kwenye mashine unaona vivuli vya kijivu vikisogea na mstari mweupe ukitetemeka chini ya kioo. Uso wa mwigizaji ulikuwa hauonekani. Sauti ndiyo iliyokuambia ni nani anayezungumza. Tulikuwa tukijazana chumbani kwa mmoja wetu, mapazia yamefungwa, na kisa kikianza hakuna aliyefungua mdomo.

Kanda haikuja peke yake. Aliyeituma alitia ndani ya bahasha ukurasa mmoja au miwili iliyopigwa taipu: maoni yake juu ya kisa, muongozaji alifanya nini vizuri, mandhari yapi yalionekana ya makaratasi, mwigizaji gani alistahili sifa asiyowahi kupewa. Ulitarajiwa kujibu. Hapo ndipo nilipojifunza kuandika uhakiki, si darasani. Mtu aliyesubiri wiki nyingi apate dakika 25 za picha mbovu hawezi kuzihukumu kwa sentensi moja.

Leo visa vilevile viko kwenye simu, vimesafishwa hata vifungo vya koti vinahesabika. Nafurahi, tena sana. Lakini wenzangu wengi wa chumba kile wameshatangulia mbele ya haki, na wengine hawakupata kuiona picha safi hata siku moja. Hao ndio ninaowakumbuka kila inapotangazwa kwamba kimepatikana kitu.

Asiyejua historia ya kipindi hiki atauliza sehemu zake zilipoteaje, maana hakikuwa kitu cha siri. BBC ilianza kukirusha Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1963, William Hartnell akiwa Daktari, mzee mwenye hasira anayesafiri katika wakati ndani ya kibanda cha polisi. Patrick Troughton alimrithi mwaka 1966, na hadi alipoondoka mwaka 1969 zilikuwa zimerushwa sehemu 253. Zilihifadhiwa kwenye kanda za video za inchi mbili. Kanda moja ya namna hiyo ilikuwa na bei kubwa, tena iliweza kufutwa ikatumika upya. Mapatano na chama cha waigizaji yaliwekea mipaka marudio. Kisha rangi ikaingia kwenye televisheni, na picha nyeusi na nyeupe ikaonekana haina soko. Basi kanda zikafutwa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970.

Zilibaki nakala za filamu ya milimita 16, zilizotengenezwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha runinga, ili ziuzwe nchi za nje. Haki za mauzo zilipokwisha, nazo zikatupwa. Kila idara ilidhani idara nyingine imebaki na nakala yake. Sikuwahi kusikia kwamba kulikuwa na mtu mbaya katika habari hii, na labda ndiyo sababu imenikaa moyoni muda wote huu: hazina iliteketea kwa mikono ya watumishi waliokuwa wakifanya kazi waliyopewa.

Uteketezaji ulikoma mwaka 1978. Ian Levine, shabiki mwenye ubishi mwingi, alikwenda kununua nakala kwa idhini, akakuta mikebe ya kisa cha kwanza cha Daleks, maadui wakuu wa Daktari, imeshafungwa pamoja ikisubiri kutupwa. Alipiga kelele mpaka akasikilizwa. Mwaka huohuo BBC ilimweka Sue Malden kuchagua mambo ya kuhifadhiwa, na yeye naye akaanza kuuliza kwa nini rafu zina mapengo makubwa hivyo. Tangu hapo kazi ikawa ya kutafuta.

Kwetu Afrika Mashariki tumo ndani ya habari hii, ingawa wachache wanajua. Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi zilizonunua visa vya Hartnell. Kaka yangu mkubwa aliviona kwa jirani mjini Nairobi, enzi za Voice of Kenya, nami nikiwa mdogo mno kuruhusiwa. Alinisimulia vyote, na sauti ya Dalek aliiiga kwa kuongea ndani ya kopo tupu la Kimbo. Filamu zile zilizunguka: kituo kikimaliza kurusha kiliagizwa kuzipeleka nchi inayofuata, au kuzirudisha London, au kuziharibu na kuandika hati kwamba zimeharibiwa. Mikebe ilipita Zambia, ikapita Ethiopia, ikapita Nigeria. Kila mahali kulikuwa na mtunza ghala, na hatima ya filamu ilikuwa mikononi mwake: akitii agizo inakwisha, akichelewa inabaki.

Waliochelewa ndio tunaowashukuru. Nigeria ilirudisha visa viwili vya Hartnell katikati ya miaka ya 1980. Kabla ya hapo, mwaka 1983, sehemu mbili za The Daleks' Master Plan zilikutwa chini ya jengo la kanisa la Wamormoni mjini London. Mwaka 1992 Hong Kong ikatoa The Tomb of the Cybermen, sehemu zote nne. Mwaka 1999 sehemu moja ya The Crusade iliibuka New Zealand kwa mkusanyaji wa filamu. Mwaka 2011 zikatangazwa mbili alizokuwa nazo mhandisi mstaafu wa televisheni, aliyezinunua miaka ya 1980 kwenye tamasha la shule. Zilikaa kwake karibu miaka 30 bila yeye kujua kwamba hakuna nyingine duniani.

Lakini kama ningeulizwa nani hasa waliokiokoa kipindi hiki, ningewataja watoto. Miaka ya 1960, kabla ya mashine za video kuingia majumbani, kulikuwa na vijana wachache wa shule Uingereza waliokuwa na tepurekoda za rili. Kila Jumamosi jioni waliweka maikrofoni mbele ya spika ya runinga, wakawaomba wazazi na ndugu wanyamaze kwa dakika 25. Katika baadhi ya rekodi hizo unasikia mlango ukifungwa, au mtu akikohoa akajizuia. Kijana mmoja alichoshwa na kelele za nyumbani, akaunganisha waya moja kwa moja kwenye runinga, jambo lililoweza kumuua. Sauti aliyoipata ni safi ajabu. Kwa sababu ya vijana hao, hakuna hata sehemu moja ya Doctor Who iliyopotea kabisa: picha ikikosekana, sauti ipo. The Power of the Daleks, kisa cha kwanza cha Troughton, hakina hata sehemu moja iliyosalia. Mwaka 2016 BBC ilikitoa upya kwa katuni zilizochorwa kufuata sauti ya kanda hizo za nyumbani. Shirika lililofuta lilisaidiwa na watoto waliorekodi bila ruhusa yake.

Yuko pia John Cura. Huyu alikuwa mpiga picha wa London aliyefanya biashara isiyo ya kawaida: alikaa mbele ya runinga yake na kamera, akapiga picha za kioo, makumi kadhaa kwa kila sehemu, kisha akawauzia waigizaji na waongozaji kama kumbukumbu ya kazi zao. Mashabiki walizichukua picha hizo, wakazipanga moja baada ya nyingine juu ya sauti za wale vijana, wakaandika maelezo mafupi chini pale ambapo kuna tendo lisiloonekana. Kazi ya kisa kimoja ilichukua miezi. Hawakuuza, ulituma kanda tupu na stempu, ukarudishiwa imejaa. Nimetazama Fury from the Deep kwa njia hiyo. Nilijua natazama picha tuli, lakini moyo ulienda mbio kama nilivyokuwa nikimsikiliza kaka yangu.

Na Australia kuna habari ambayo hainiishii hamu. Wakaguzi wa filamu wa serikali walikata vipande walivyoona vinatisha mno kwa watoto: mtu anakabwa koo, mtu anamezwa na povu. Vipande vile viliwekwa kwenye mafaili ya ofisi. Mwaka 1996 mashabiki wawili walivifuatilia, wakavikuta katika Hifadhi ya Kumbukumbu ya Taifa. Visa vyenyewe vilivyorushwa, vingi havipo. Sekunde walizokatazwa watoto wa Australia kuziona ndizo pekee zilizobaki.

Sasa uhakiki, maana hapo ndipo nimejifunza mengi. Kabla ya 1984, wengi wetu tuliamini The Celestial Toymaker ya mwaka 1966 ni johari. Waliokiona wakiwa wadogo walitusimulia juu ya ulimwengu wa michezo ya kutisha na Michael Gough katika majoho ya kifalme. Kisha sehemu ya nne ikarudi kutoka Australia, tukaona watu wakirukaruka kwenye pembetatu sakafuni kwa muda mrefu, mwendo umelala. Sifa ikashuka siku ileile. Upande wa pili upo The Enemy of the World, kilichorushwa mwisho wa 1967 na mwanzo wa 1968. Kwa miaka mingi ilibaki sehemu ya tatu tu, na ndiyo isiyo na matendo: watu wako ndani, wanazungumza. Tuliandika kwamba ni kisa cha kuchosha. Ziliporudi sehemu nyingine tano, tukamwona Barry Letts, akiongoza Doctor Who kwa mara ya kwanza, akitupeleka ufukweni na chombo kinachoelea juu ya hewa na helikopta. Tukamwona Troughton akiwa watu wawili, Daktari na dikteta Salamander, na kila mmoja ana mabega yake, macho yake na namna yake ya kuvuta pumzi. Kwa hukumu yangu hiyo ndiyo kazi bora aliyowahi kuifanya katika kipindi hiki. Ilikaa gizani tangu miaka ya 1970.

Ilikaa Jos. Philip Morris, Mwingereza aliyezunguka vituo vya televisheni vya Afrika akitafuta filamu, alifuta vumbi kwenye utepe uliobandikwa juu ya mikebe katika ghala la kituo cha kurushia matangazo katika mji huo wa Nigeria, akasoma jina la kipindi. Tangazo lilitolewa Oktoba 2013: sehemu 11, tisa kati yake zikiwa hazipo popote. Hesabu ya zilizopotea ikashuka kutoka 106 hadi 97. Pamoja na The Enemy of the World ilikuja The Web of Fear, kisa cha mayeti, majitu yenye manyoya, ndani ya reli za chini ya ardhi za London. Sehemu yake ya tatu haikufika. Morris amesema iliondolewa kati ya siku alipoikuta mikebe na siku iliposafirishwa. Ndiyo sehemu ambayo Nicholas Courtney anaonekana kwa mara ya kwanza kama Lethbridge-Stewart, mhusika aliyependwa kwa miaka 40 iliyofuata. Kama yuko mtu aliyeificha, namwomba aitoe akiwa hai.

Waliozisafisha filamu hizi nao walianza kama mashabiki, baadhi yao wafanyakazi wa BBC waliojitolea baada ya saa za kazi. Walifuta mikwaruzo fremu kwa fremu. Walitengeneza programu ya kurudisha ule mwendo laini wa video uliopotea picha ilipohamishiwa filamu. Kwa visa vya mwanzoni mwa miaka ya 1970 vilivyobaki bila rangi, waligundua kwamba vinukta vidogo mno kwenye filamu nyeusi na nyeupe ni alama za rangi ya awali, wakazisoma na kuirudisha. Nilipoona uso wa Jon Pertwee, Daktari wa miaka hiyo, ukiwa na damu tena, nililia.

Muda ndio umebana. Filamu za asetati zikioza hutoa harufu ya siki, hujikunja, na baada ya hapo hazisomeki. Wazee waliofanya kazi katika maghala ya vituo vyetu miaka ya 1960 na 1970 wanaondoka, na watoto wao hufagia stoo bila kufungua kitu. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma hapa, Nairobi, Kampala, Lusaka au popote: ukikuta mikebe ya bati ya duara katika nyumba ya marehemu baba au ofisi inayohamishwa, usiichome na usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Usiipitishe kwenye projekta, maana filamu kavu hukatika. Piga picha ya lebo, weka mikebe mahali pakavu na penye baridi, kisha upeleke habari kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya taifa lako. Ndani huenda mna Dalek. Au mna kipindi cha kwetu, cha mwigizaji wa Kiswahili ambaye hakuna mtoto aliyemwekea maikrofoni mbele ya runinga, na huyo hana nakala nyingine popote.